Bodi Ikishakaa Juu ya Chasisi

Siku yangu ya kwanza katika karakana ile ya Birmingham nilikabidhiwa gari lililokuwa ndani ya maboksi ya ndizi. Ungepita pale ungedhani kuna mtu anahama nyumba. Mkuu wa Karakana, Mwingereza mrefu mzaliwa wa mji huo huo na asiyependa maneno mengi, alinizungusha kati ya maboksi akiwa na kikombe cha chai mkononi, kisha akaniuliza swali moja tu: "Katika hivi vyote, kipi kinaingia mwisho?"

Nilimjibu bila kufikiri kwamba kinachoingia mwisho ni kile kilichotoka kwanza.

"Basi utatuharibia kazi," akasema, akanywa chai yake na kuniacha nimesimama.

Nilikasirika, siwafichi. Sikuwa msichana wa kuanza kufundishwa. Nilikuwa nimetumikia miaka kumi na miwili katika stoo ya vipuri ya gereji ya mabasi kule Nakuru, na jibu lile nilikuwa nimelipata kwa Fundi Mkuu, mtu ambaye hata wenye mabasi walimwogopa. Fundi Mkuu alikuwa akitandika gunia chini, na kila kitu alichofungua alikipanga juu yake kwa mstari, nati pembeni ya bolti yake, kutoka kushoto kwenda kulia. Akimaliza kutengeneza, alirudisha kutoka kulia kwenda kushoto. Ole wake mtu apitishe mguu juu ya gunia hilo, angetukanwa mpaka ukoo. Mimi hakunifundisha, kwa sababu hakuona faida ya kumfundisha mwanamke, lakini dirisha la stoo lilikuwa linatazama gunia, na macho yangu hayakuwa na kazi nyingine.

Nilipokuja Uingereza kumfuata mume wangu, nilifanya kwanza kazi wanayoifanya Wakenya wengi hapa, ya kuwahudumia wazee katika nyumba za wazee. Ni kazi ya heshima, ila mgongo wangu uliikataa. Baba Espoir, Mkongo wa Uvira tuliyesali naye kanisa moja pale Sparkbrook, ndiye aliyenidokezea kwamba karakana anakochomelea vyuma, mtaa wa nyuma ya Stratford Road, inatafuta mtu wa stoo. Kazi yao ilikuwa kufufua magari ya zamani ya Kimarekani, yale ya milango miwili na injini kubwa ya silinda nane, ambayo vijana wa enzi hizo waliyanunua kwa ajili ya ngurumo kuliko safari.

Niwaeleze ninyi mnaoanza kazi sasa kwa nini jibu langu lilikuwa baya. Kutengeneza gari ni kutoa kitu kimoja na kukirudisha. Kufufua gari ni kulivua lote mpaka chuma kitupu. Bodi, yaani ganda lenye milango na paa, inanyanyuliwa kutoka kwenye chasisi, ile fremu nzito ya chini inayobeba injini na magurudumu. Kila kimoja kinasafishwa na kupakwa rangi peke yake, ndipo vinaunganishwa tena. Hapo gunia linakudanganya. Kitambaa cha dari, kwa mfano, lazima kiingie kabla ya kioo cha mbele, maana ncha zake zinagandishwa chini ya mpira wa kioo. Sanduku la hita linapenda kuingia kabla ya fenda, la sivyo utazikuna fenda mpya kwa spana ukitafuta bolti zake. Aliyelivua gari hakuyajali hayo, kwa sababu alikuwa akivua vitu vibovu.

Aliyenifumbua macho ni Mtunza Stoo Mkuu, mzee aliyekuwa amebakiza miezi michache astaafu. Alikuwa akishika kila kipuri na kukiuliza maswali mawili, kwa sauti, kama anayehoji shahidi: "Nani lazima akutangulie? Na wewe ukishakaa, unamfungia nani mlango?" Vijana wa kupaka rangi walimcheka. Mimi nilienda Ladypool Road, nikanunua kamba ya kuanikia nguo na vibanio vyake, nikaifunga kutoka ukuta hadi ukuta. Kila kazi niliiandikia kadi, na kwenye kadi nikaandika majibu ya yale maswali mawili. Kisha nikazianika kadi kwa mpangilio, na mpangilio ulipobadilika nikazianua na kuzianika upya. Mzee alipoondoka, Mkuu wa Karakana alinipa kazi ya kupanga uunganishaji wa magari yote. Watu walikuja kuipiga picha kamba yangu. Nilijiona, naomba Mungu anisamehe, kwamba mimi na kamba yangu hatukosei.

Ndipo likaja gari la mwalimu.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa hisabati kutoka Sutton Coldfield, na alikuja kwa treni kutuona, kwa kuwa angerudi jioni na alikwisha acha kuendesha gari wakati wa giza. Macho yake yalikuwa yanaliwa kutoka pembeni, kidogo kidogo, ugonjwa usio na dawa. Gari lake, la rangi ya buluu, alilinunua ujanani na kulihifadhi bandani karibu maisha yake yote. Alituambia wazi kwamba siku daktari atakaposema basi, atarudisha leseni bila ubishi. Kabla ya siku hiyo alitaka jambo moja tu, kuliendesha gari lake mara moja mchana, katikati ya mji wake, yeye mwenyewe. Mkuu wa Karakana alimuuliza kwa nini alilifungia bandani.

"Breki zilinikimbia," mwalimu akasema. "Mteremkoni, siku ya joto. Pedali ilizama mpaka chini. Nilipumzika nusu saa ikarudi, ngumu kama kawaida. Hakuna fundi aliyejua kwa nini. Nikaogopa, nikalifunga."

Nililisikia hilo kwa masikio yangu haya. Nikaandika kwenye kadi: mifumo yote ya breki, vifaa vipya. Nikaona nimelimaliza.

Gari lile tulilivua vizuri, na simu yangu ilijaa picha za kila hatua. Miezi minane kamba ilifanya kazi yake. Ahadi yetu ilikuwa kulikabidhi Jumamosi, na Jumanne inayofuata mwalimu alikuwa na miadi ya kupimwa macho. Alikwisha dokezwa na daktari asitarajie mengi siku hiyo.

Jumatano kabla ya makabidhiano, fundi wa injini aliliacha likinguruma uani karibu saa nzima akirekebisha kabureta. Alipomaliza, Baba Espoir aliingia alirudishe ndani. Nilikuwa mlangoni. Nililiona linakuja, nikaona uso wake unabadilika, kisha akaving'oa vidole kwenye usukani na kuvuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote. Gari lilijikita kwenye rundo la matairi ya zamani na kuzimika. Hakuna aliyeumia wala rangi haikuguswa.

"Mama Njeri, freins haziko, breki hakuna," akasema akitoka. "Nimekanyaga, pedali imeenda yote chini. Yote. C'est grave, mbaya sana hii."

Baada ya chai tulijaribu tena, na pedali ilikuwa ngumu kama jiwe. Mkuu wa Karakana alisema ni hewa imebaki ndani ya mirija, akaagiza itolewe. Tulitoa mafuta ya breki chupa nzima bila kuona hata povu moja. Wengine wakaanza kusema labda Baba Espoir alikosea pedali. Mimi nilikuwa nimekumbuka ule mteremko wa mwalimu.

Niliomba gari lipandishwe juu ya lifti, nikaingia chini na tochi. Mrija wa breki wa nyuma ni mwembamba, haufiki unene wa kalamu, na hupeleka mafuta kutoka mbele hadi kwenye magurudumu ya nyuma. Kwenye gari lile ulipita upande wa chini wa chasisi, kidole kimoja tu kutoka bomba la moshi. Bomba hilo likikaa sana na joto, mafuta yaliyo ndani ya mrija huchemka na kutoa mvuke. Mafuta hayabanwi, lakini mvuke unabanwa, kwa hiyo mguu unasukuma mvuke na breki hazipati kitu. Magari ya umri ule yana masta silinda, yaani pampu kuu ya breki, ya chumba kimoja, maana yake nyuma kukifa na mbele kumekufa. Likipoa, mvuke unarudi kuwa mafuta na pedali inakuwa ngumu.

Nikamulika juu zaidi, kwenye mwanya kati ya chasisi na bodi. Pale juu, mbali na joto, kulikuwa na matundu matatu yaliyotobolewa kiwandani, yamepakwa rangi safi, hayana kitu. Nikaenda stoo. Katika trei ya vitu visivyo na kwao nilikuta klipu tatu, nimezifunga mwenyewe na kuziandikia: hazijulikani.

Sasa mnaelewa. Kiwandani mrija huo ulilazwa juu ya chasisi kabla bodi haijashushwa. Fundi fulani wa zamani, mrija huo ulipooza kwa kutu, alikwepa kazi ya kunyanyua bodi, akapitisha mwingine chini na kuacha klipu zikining'inia bila kazi. Sisi tulipolivua, mrija ulitoka bodi ikiwa bado iko juu, picha zikaonyesha hivyo, nami nikapanga hivyo: bodi kwanza, mrija baadaye. Nilikuwa nimerudi kwenye gunia la Nakuru bila kujijua. Kosa la mtu mwingine nililirudisha kwa uaminifu wote, likiwa jipya na linang'aa.

Nitawaambia wazo langu la kwanza, ili msije mkanisifu bure. Niliwaza kuufunga mrija kwa kitambaa cha kuzuia joto na kunyamaza. Nilimwendea Mkuu wa Karakana na kumweleza yote, na yeye akalisema wazo hilo hilo kabla sijalitoa mdomoni.

"Kunyanyua bodi upya ni wiki mbili," akasema. "Mzee ana siku tatu. Atakwenda mara moja tu, barabara tambarare, basi. Baada ya hapo tutalirekebisha taratibu."

"Sawa," nikasema. Nililisema neno hilo na nikaenda nyumbani nalo.

Njeri, binti yangu, ambaye amezaliwa hapa na hunijibu Kiingereza hata nikimsemesha Kiswahili, aliona sahani yangu haipungui. Nikamweleza. "Mum, it's just a pipe," akasema.

"Na mshipa wa shingo ni nini?" nikamuuliza.

Alhamisi asubuhi mwalimu alipiga simu stoo. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeamka mapema kwa furaha. Alitaka nijue njia aliyoichagua: angeshuka Stratford Road yote, polepole, katikati ya msongamano, watu walione, kisha aelekee kwao Sutton. Alicheka akisema hana haraka, atafurahia kila taa nyekundu. Nikaiona injini ile inavyonguruma bila upepo, bomba la moshi linavyowaka, na mrija wangu pembeni yake. Mficha uchi hazai. Nikamwambia.

"Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa mara ile," akasema. "Miaka yote hii." Kisha akaniuliza, "Kama lingekuwa lako?"

"Ningenyanyua bodi. Si kuitoa, kuinyanyua kiasi cha kiganja tu, nipitishe mrija. Labda siku mbili. Lakini bodi ikipinda, kioo cha mbele kitapasuka, na kioo kingine hakipatikani kabla ya Jumanne."

"Na kikipasuka?"

"Hutaendesha, mwalimu."

"Nyanyua," akasema.

Nilimpa Mkuu wa Karakana habari hiyo. Akauliza, "Kioo kikipasuka, nani atampigia simu?" Nikamwambia ni mimi. Akasema, "Basi anika kadi zako."

Nilianua kadi zote za miezi minane na kubaki na kamba tupu. Kupanga kuunganisha gari zima ni kazi ndefu, lakini makosa yake yana nafasi ya kusahihishwa. Hapa nilihitaji kujua kila kitu kinachoishika bodi isiachane na chasisi: mhimili wa usukani, waya wa breki ya mkono, shingo ya tangi la mafuta, kifuniko cha feni, mpira wa gia, na kadhalika. Nilipita chini mara nne, juu mara nne. Nilipata kadi kumi na moja. Kila nilipomaliza kuzihesabu nilianza tena, kwa kuwa nilikuwa sijiamini tena hata kidogo, na hali hiyo sikuwahi kuijua katika kazi yangu.

Ijumaa tulianza. Mtu mwenye haraka angenyanyua mbele yote kisha nyuma yote, na hapo ndipo bodi inapopinda. Mimi nilitaka pembe nne zipande pamoja, unene wa ubao mmoja kwa kila zamu, mtu mmoja kila jeki. Baba Espoir alikataa kushika jeki kabla ya maombi.

"Tunaomba kwanza," akasema.

"Fupi," nikamwambia. "Si ya Jumapili."

Aliomba fupi. Nilisimama mbele, kiganja kimeegemea kioo, nikitoa amri. Ubao wa kwanza uliingia salama. Wa pili pia. Kwenye wa tatu kiganja changu kilihisi kitu kabla masikio hayajasikia, mtetemo mdogo kwenye kona ya kulia, halafu mlio, tik.

"Simameni hapo hapo. Mtu asiguse kitu."

Nilipitisha ncha za vidole kwenye kona ile, nikitafuta ufa, na vidole vilikuwa vimelowa jasho hata sikuwa na hakika na ninachokigusa. Kioo kilikuwa kizima. Baba Espoir, akiwa amepiga magoti, alichungulia nyuma ya injini.

"Njo hii hapa," akasema taratibu. "Waya ya masse. Iko inavuta."

Ulikuwa waya wa ardhi, utepe mfupi unaounganisha injini na bodi kwa ajili ya umeme. Ulikuwa umekazika kama uzi wa gitaa na kuivuta kona ile chini. Nilikuwa nimeusahau. Tuliteremsha unene wa ubao mmoja, akaufungua, kisha akanigeukia. "Mama Njeri, kamba yako inapenda kadi kumi na mbili."

Watu walicheka, na mimi nikacheka, nikiwa karibu kulia. "Kosa moja haliachi mke," akaongeza. Nilimwambia haya yalikuwa mawili, tena mimi si mke wa karakana.

Mrija ulipita. Klipu tatu ziliingia kwenye matundu yake matatu kana kwamba hazikuwahi kuondoka. Bodi ilishuka kama ilivyopanda, ubao kwa ubao, na kufikia Jumamosi saa nne asubuhi gari lilikuwa uani, likinguruma saa nzima mahali pamoja mpaka bomba la moshi likawa haliguswi. Mkuu wa Karakana aliikanyaga pedali mwenyewe, mara kumi. Alinipa kikombe chake cha chai nikishike, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu.

Nilistaafu mwaka jana. Vijana huniuliza siri ya kazi, wakitarajia niwaonyeshe kamba. Kamba ni kamba tu. Ninachowaambia ni kwamba picha za simu zinaonyesha gari lilivyokuwa, hazionyeshi lilivyopaswa kuwa, na kuna tundu tupu mahali fulani linalojua zaidi kuliko picha zote. Na kwamba siku utakapokosea, utakuwa na saa chache za kusema, na saa hizo zitakuwa na watu wanaokupenda wakikushauri unyamaze. Nami nilikwisha sema sawa. Hilo bado linaniuma.

Jumamosi ile mwalimu aliniomba nikae pembeni yake. Usukani wa gari la Kimarekani uko kushoto, kwa hiyo yeye alikuwa upande wa kando ya barabara, mimi katikati ya njia, nimeshika mlango kama mtu aliyepanda farasi. Aliendesha vizuri, nasema kweli, mgongo wima, uso umejaa nuru. Tulishuka Stratford Road kwa mwendo wa miguu. Akina mama waligeuka na mifuko yao, wanaume walitoka madukani, mwalimu akawapungia mkono. Tulisimama kwenye taa moja baada ya nyingine, joto likipanda miguuni. Zaidi ya nusu saa.

Karibu na kivuko, mwanamke mwenye kigari cha mtoto alishuka kutoka kando ya barabara, upande wa kushoto, upande wake. Mimi nilimwona. Niligeuka kumtazama mwalimu, na macho yake yalikuwa mbele, yametulia, yakitabasamu.

"Simama," nikasema.

Alikanyaga. Pedali ilikuwa juu, gari likaganda pale pale, boneti likainama na kuinuka. Mwanamke aligeuka, akatutazama, akaendelea kusukuma kigari mpaka ng'ambo.

Mwalimu alibaki na mikono kwenye usukani. Wa nyuma yetu walianza kupiga honi. "Alitokea wapi?" akaniuliza, na nikamwonyesha. Aligeuza kichwa chote, taratibu, mpaka akauona upande ule wa barabara, wote, na watu waliojaa juu yake. Kisha akazima injini, akafungua mlango, akazunguka mbele ya gari akiligusa boneti kwa kiganja, akaja dirishani kwangu na kunipa ufunguo.

Nilihamia kwenye usukani. Tulifika Sutton Coldfield. Nilipoegesha mbele ya nyumba yake, alibaki ameketi, mikono magotini.

"Breki ni nzuri," akasema.